Kabla ya Roboti Kulikuwa na Kombaini: Kilichotokea Hanang

Wadau, siku hizi ukifungua simu ni roboti tu. Mara roboti anakaanga chipsi, mara anabeba mizigo ghalani, mara akili mnemba inaandika barua ya kuomba kazi vizuri kuliko wewe mwenye shida na hiyo kazi. Tunacheka, tunashea, tunalala.

Ila kuna watu walishakutana na mashine inayokula nafasi ya binadamu miaka mingi iliyopita, tena wilaya hii hii ya Hanang, ilipo Nangwa yetu. Twende Basotu kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilitaka ngano ya kutosha, maana miji ilikuwa inakua na watu wanataka mkate. Kanada ikakubali kusaidia. Kuanzia miaka ya 1970, chini ya shirika la umma la NAFCO, yakafunguliwa mashamba makubwa 7, jumla karibu ekari 100,000. Matrekta na kombaini zikaletwa kutoka Kanada. Shamba ambalo kwa mundu lingetaka mamia ya watu, likawa linavunwa na madereva wachache na mafundi wao.

Shida ni kwamba ile ardhi ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa malisho ya Wabarbaig, ambao walihamisha ng'ombe kufuata misimu. Mashamba yakachukua malisho bora kabisa. Hata bung'eda, yale makaburi ya heshima ya wazee wao, mengine yalipitiwa na jembe la trekta.

Sasa piga hesabu. Ngano ilienda mjini. Hela ya mashine na spea ilirudi Kanada. Mfugaji alipoteza malisho, na ajira hakupata, kwa sababu kombaini haiajiri kijiji. Wanakijiji wa Mulbadaw walienda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Kanada ilijitoa miaka ya 1990, na NAFCO yenyewe baadaye ikafa. Maumivu yakabaki kwa wale wale.

Usiseme hayo ni ya zamani. Mei 2023, kule Kericho nchini Kenya, watu walichoma mashine za kuchumia chai kwa sababu zilikuwa zinawaondoa wachumaji shambani. Kwenye vurugu hizo mtu mmoja alipoteza maisha.

Tofauti ya leo ni hii. Kombaini ilichukua kazi ya mikono, vijana wakaambiwa: soma, utumie kichwa. Tukaenda kuwa makarani, wahasibu, watafsiri, watu wa huduma kwa wateja. Roboti wa sasa anakuja kwenye hicho hicho kichwa. Tukikimbia shamba, tukikimbia ofisi, tunakimbilia wapi?

Na kwetu mshahara mmoja haumlishi mtu mmoja. Unasomesha mdogo wako, unamtibu bibi, unalipa kodi ya chumba, unamuungisha mama ntilie. Roboti hapandi boda. Hanunui vocha. Hatumi hela ya matumizi kijijini. Akichukua kazi moja, kuna watu kama kumi wanaopungukiwa nyuma yake, na mtaa mzima unapoa.

Mimi sipingi mashine. Ngano ilivunwa na watu mjini walikula mkate, huo ni ukweli. Na kuchoma mashine hakujawahi kurudisha kazi. Ila Hanang inatufundisha kuuliza mapema, kabla mashine haijashushwa kwenye lori: mwenye mashine ni nani? Faida inalala wapi? Anayepoteza anapewa nini, na imeandikwa wapi? Wabarbaig walilazimika kuuliza hayo mahakamani, wakati ardhi imeshalimwa.

Haya mtu wangu, kazi unayofanya leo, roboti akija kesho, nani kwenu atalala njaa? Tuambizane.