Mwindaji Huanza na Mawindo Madogo: Nunda, Mamba wa Rusizi na Mchezo wa Kijapani

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta hapa makala kuhusu historia ya lugha yetu: safari za misafara, kamusi za wamisionari, asili ya lahaja. Safari hii ninaomba ruhusa yao niingie kwa mlango mwingine. Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha ngeli ya LI-YA nilipomwona mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili ameinamisha kichwa, vidole vyake vikikimbia juu ya simu chini ya dawati. Nilimwita mbele. Nikiri kwamba nia yangu ilikuwa kumwaibisha. Nikamwambia awaeleze wenzake, kwa Kiswahili sanifu, mchezo ule ni wa nini na mtu asiyeujua aanzie wapi.

Alijaribu. Kila sentensi yake ilikuwa na Kiingereza katikati kama mawe kwenye mchele. Mwishowe akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, Kiswahili hakina maneno ya mchezo huu." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana hilo lilikuwa dai, tena dai zito, na mwalimu asiyelijibu atakuwa amelikubali. Nchini Rwanda Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Kijana wa Rusizi akiamini kwamba lugha hiyo yafaa kwa mtihani na kwa soko la Bukavu tu, lakini si kwa kile anachokipenda, hadhi hiyo itabaki kwenye karatasi.

Mchezo wenyewe ni wa kuwinda mazimwi. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili: kwanza, kwamba fani ya kuwinda zimwi ina historia ndefu katika Kiswahili, pili, kwamba mto unaopita mbele ya macho yetu una historia yake ya mawindo ya namna hiyo, nayo si ya kuchekesha.

Mkaa jikoni na Nunda mla watu

Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili kikiwa ukurasa mmoja na tafsiri ya Kiingereza ikiuelekea. Miongoni mwa hadithi hizo imo ya Sultani Majnuni.

Sultani huyu alikuwa na wana saba na paka aliyempenda. Paka akaanza kula wanyama wa watu. Kila walipokuja kushtaki, Sultani alijibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Paka akapanda ngazi, kutoka mnyama mdogo hadi mkubwa, kisha akafikia watu. Sultani hakuzinduka hadi mnyama yule alipowaua baadhi ya wanawe mwenyewe. Ndipo alipokubali kwamba yule si paka tena, bali ni Nunda, mla watu.

Aliyejitokeza kumwinda ni mwana mdogo kuliko wote, aliyedharauliwa na baba yake na kuitwa Mkaa jikoni. Wanafunzi watambue hapa utamu wa umbo: mkaa huyu anatokana na kitenzi kukaa, yaani mtu akaaye jikoni. Yuko katika ngeli ya A-WA, wala hahusiani na mkaa wa kupikia. Kijana akaingia porini. Akaua mbwa mkubwa, akamburuta hadi nyumbani akidhani amemaliza kazi. Mama yake akamwambia kuwa huyo siye. Akarudi porini, akaua fungo. Siye. Akaendelea hivyo kwa wanyama wakubwa zaidi, hadi twiga, kifaru na tembo, na kila mara jibu la mama likawa lile lile. Mwishowe alimkuta Nunda amelala, akazilinganisha alama zake na zile alizoambiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene. Akamuua.

Wasomaji wengi huichukulia sehemu ya katikati kuwa ni marudio ya kuwafurahisha watoto. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo roho ya hadithi. Kila windo ni darasa. Aliyempeleka kijana mbele ya Nunda si bahati. Ni mbwa, fungo na twiga waliomtangulia. Na mama yake, ambaye hakushika silaha hata mara moja, ndiye mwalimu: anasahihisha kazi, wala hatoi alama za bure.

Mchezo wa Kijapani na namna ya kuuanza

Sasa tumgeukie yule kijana na simu yake. Mfululizo wa michezo unaoitwa Monster Hunter ulitolewa na kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, mwaka 2004, kwa mtambo wa PlayStation 2. Ulipata umaarufu mkubwa huko Japani ulipohamia kwenye mitambo midogo ya kushikwa mkononi, maana marafiki waliweza kuketi pamoja na kuwinda kwa pamoja. Toleo la Monster Hunter: World la mwaka 2018 ndilo lililoufikisha kila pembe ya dunia, nalo limeuza zaidi ya nakala milioni 20. Likafuata Rise mwaka 2021 na Wilds mwezi wa Februari 2025. Toleo la simu, Monster Hunter Now, lilitoka Septemba 2023. Hilo humtaka mchezaji atembee kwa miguu kulingana na ramani ya mahali alipo, na kwa kawaida windo humpa sekunde 75 tu.

Mtu anayeanza afanye nini? Nilimwalika mwanafunzi wangu ofisini, nikawa mwanafunzi wake kwa siku mbili. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika kwa Kiswahili bila kuazima.

Kwanza, mwindaji huchagua silaha. Katika matoleo makuu ya miaka hii ziko aina 14: upanga na ngao, upinde, mkuki, nyundo na nyinginezo. Anayeanza ashike upanga na ngao, kwa kuwa ni vyepesi na humruhusu kujikinga. Pili, asikimbilie zimwi kubwa. Aokote majani, uyoga na asali, maana humo ndimo atakamotengeneza dawa za kujitibu. Tatu, ale kabla ya kutoka. Nne, anoe silaha yake hata katikati ya mapambano, kwa sababu makali huisha. Tano, na hili ndilo kubwa, amsome mnyama. Mchezo hauonyeshi uhai wa zimwi kwa mstari wala kwa tarakimu. Mwindaji hutazama mwendo: likianza kuchechemea na kurudi kwenye pango lake, limechoka. Hapo aweza kuliua au kulikamata hai kwa mtego. Akizidiwa na kuanguka mara tatu, kwa kawaida windo limeshindikana, aanze upya.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mwindaji mwenyewe haongezeki nguvu kwa kuua tu, kama ilivyo katika michezo mingi. Hutengeneza silaha na mavazi kutokana na ngozi, mifupa na magamba ya windo lililopita, na kwa hayo hulikabili lijalo. Mbwa, fungo, twiga, kifaru, tembo! Nilipomsimulia mwanafunzi habari za Mkaa jikoni, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ni mchezo ule ule."

Si ule ule kabisa. Katika mchezo wa Kijapani paka ni wasaidizi: ndio wanaompikia mwindaji, na ndio wanaomrudisha kambini kwa mkokoteni akizimia. Unguja paka ndiye zimwi. Wajapani wameweka zimwi mbali, msituni na jangwani. Msimulizi wa Unguja aliliweka nyumbani kwa Sultani, likilishwa na kutetewa. Hapo hadithi yetu inasema jambo ambalo mchezo hausemi: kwamba zimwi jingine hukua kwa sababu mwenye mamlaka alikataa kusikia mashtaka lilipokuwa dogo.

Mamba wa mto wetu

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu hapa hapa, kati ya Kamembe na Bukavu, ukateremka kusini kwa takriban kilomita 117 hadi Ziwa Tanganyika, magharibi mwa Burundi. Huku juu watoto wetu huogelea ziwani bila kuogopa mamba. Kule chini, kwenye delta karibu na Bujumbura, mambo ni tofauti.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Patrice Faye, Mfaransa aliyekuwa akiishi Burundi, alimpa jina la Gustave mamba mmoja mkubwa mno aliyeonekana katika delta ile na katika fukwe za ziwa. Alikadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya meta 6 na uzito wa zaidi ya kilo 900, ingawa hakuna aliyewahi kumpima. Alikuwa na makovu ya risasi mwilini. Wengine walisema ana miaka 100, lakini kwa kuwa meno yake yalionekana kuwa kamili, wachunguzi walimkadiria kuwa na miaka isiyozidi 60. Mwaka 2002 Faye na wenzake walijenga kizimba cha chuma chenye urefu wa karibu meta 9 ili wamkamate akiwa hai. Waliweka chambo cha aina mbalimbali. Hakuingia. Filamu ya jaribio hilo ilionyeshwa mwaka 2004, na mwaka 2007 Marekani ikatengeneza filamu ya kutisha, Primeval, iliyotokana na habari zake. Baadaye zilienea habari kwamba ameuawa, lakini mzoga haukuonyeshwa.

Inasemekana aliua watu 300. Idadi hiyo hurudiwa mno, lakini haina daftari nyuma yake. Na hapa ndipo mwalimu wa historia anapopaswa kusimama. Mamba ana jina, tena jina la kizungu, waliokufa hawana. Walikuwa wavuvi, watu waliokuwa wakioga au kuchota maji, katika nchi iliyokuwa vitani tangu mwaka 1993. Hawakwenda mtoni kuwinda. Walikwenda kwa sababu maji yalikuwa pale tu. Mchezaji wa mchezo wa video akianguka hurudishwa kambini. Mchota maji hakurudi. Mtu akitaka kujua namna ya kulishinda zimwi la delta, asianze na kizimba cha meta 9. Aanze na bomba la maji kijijini. Hilo nalo ni windo dogo.

Maneno tunayo

Turudi kwenye dai la mwanafunzi. Katika maelezo yangu ya hapo juu nimetumia windo na mawindo, mtego, chambo, kizimba, kunoa, kuchechemea, magamba, makali na pango. Twaweza kuongeza nyayo, kunyemelea, kuvizia, kukurupusha na kujeruhi. Hakuna hata moja lililobuniwa na kamati. Ni maneno ya wawindaji, wavuvi na wasimulizi. Nasi Wanyarwanda tunakuja na mtaji wetu: kitenzi guhiga huandikwa vivyo hivyo kikiwa na maana ya kuwinda na kikiwa na maana ya kuweka nadhiri ya ushindi, ndiyo maana neno imihigo ni la kila siku kwetu. Mwanafunzi anayelijua hilo hakosi njia ya kulikumbuka neno kuwinda.

Napendekeza kwa walimu wenzangu zoezi dogo. Kila mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili, kwa dakika tano, namna ya kuanza mchezo anaoupenda, uwe wa simu, wa karata au wa igisoro. Asikatazwe kukwama. Akikwama, darasa limtafutie neno. Likikosekana kabisa, ndipo tuazime, nalo tulivalishe ngeli.

Hitimisho

Yule kijana aliwasilisha upya mbele ya darasa wiki mbili baadaye. Aliteleza mara nne. Niliandika zote daftarini. Alipomaliza aliniuliza kama amefaulu. Nilimjibu kama mama wa Mkaa jikoni: bado siye, rudi porini. Alicheka, nami nikacheka. Mara hii hakuna aliyekicheka Kiswahili.