Masale: jinsi ya kupanda uzio unaonukia usiku

Ukipita jioni kwenye njia za Marangu, Machame au Kibosho, huenda ukakutana na harufu tamu, nzito, bila kuona ua lolote. Mara nyingi inatoka kwenye masale. Wengi wetu tunayajua kama mpaka wa kihamba na jani la kuombea msamaha. Ila maua yake tunayasahau, ingawa hata jina la kisayansi, Dracaena fragrans, linayataja: fragrans ni Kilatini, maana yake "lenye kunukia".

Mahali pa kupanda

Kwa asili masale ni mmea wa msituni, wa chini ya miti mikubwa. Ndiyo maana hustawi chini ya migomba na mringaringa. Moshi mjini, ambako joto ni kali zaidi, tafuta kivuli cha mwembe au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu. Jua la mchana huunguza majani.

Namna ya kupanda

Kata kipande cha shina lililokomaa, urefu wa sentimita 30 hivi. Kiache siku moja au mbili jeraha likauke, kisha kichomeke mvua za masika zinapoanza, mwezi Machi. Epuka panapotuama maji, maana shina litaoza.

Mbona yangu hayatoi maua?

Maua hutoka kwenye ncha ya shina lililokomaa. Anayefyeka uzio wake kwa panga kila mwaka hukata ncha hizo. Tunashauri uache mashina mawili matatu kila kona yapande juu. Maua hufunguka usiku, kwa hiyo kama harufu kali inakusumbua, usiyapande karibu na dirisha la chumba cha kulala. Mbwa na paka wasitafune majani; huwadhuru.

Kabla ya kung'oa

Vihamba vinagawanywa, na kuta za matofali zinachukua nafasi ya masale. Kumbuka kwamba isale alilopanda babu ni shahidi wa mpaka. Ukiling'oa peke yako, umeondoa shahidi na umekaribisha ugomvi. Waite kwanza majirani, wazee na mwenyekiti wa kitongoji, mkubaliane alama mpya. Kisha mashina yaleyale yachomeke upande wa ndani wa ukuta, palipo na kivuli. Yatashika tena, na yakikomaa yatanukia uani kwako.