Moyo wa Kima: Hadithi za Mataifa Mengi katika Darasa la Kiswahili

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa hoja chuoni Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwe ndiyo kiini cha mafunzo, hawakudai kwamba fasihi za kwingine zifukuzwe. Hata hivyo, baadhi yetu tunaofundisha walimu tumeichukulia hoja hiyo kana kwamba kila hadithi ya watoto ni ama yetu ama ya kigeni. Historia ya vitabu vyetu haiukubali mgawanyo huo.

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa Unguja. Miongoni mwazo mna kisa cha punda wa dobi. Humo papa amchukua kima mgongoni ili moyo wake uwe dawa ya sultani mgonjwa. Kima naye ajiokoa kwa kusema kwamba moyo ameuacha mtini. Kisa hicho kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, na pia katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Katika Kiarabu mchukuzi ni kobe. Kwetu ni papa. Mbweha naye amekuwa sungura. Wasimulizi wa Pwani, basi, hawakupokea tu: walikitawala walichokipokea.

Tukitazame sasa kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929. Kiswahili chake kiliwafaa wanafunzi wengi, lakini jicho linalotazama ni lile lile la Rider Haggard: Mzungu ndiye shujaa, na Mwafrika ndiye anayetazamwa. Hapa lugha imebadilika, mtazamo haukubadilika.

Kwa hiyo swali la mwalimu lisiwe hadithi imetoka wapi, bali ni nani aliyeigeuza, na kwa manufaa ya nani. Yafaa watoto wapewe papa na kobe pamoja, walinganishe, kisha kila mmoja asimulie kisa kama hicho kwa jinsi kijulikanavyo kwao. Tukiziondoa hadithi zote zilizovuka bahari, tutamnyang'anya mtoto wa Pwani urithi wake mwenyewe. Na tukizipokea zote bila kuuliza, tutamfundisha kujitazama kwa macho ya mwingine.