Miaka 20 ya Kifungu cha 16, na Tofali la Kasulu Bado Halihesabiwi

Panda kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu, kisha endelea Kibondo. Njiani utakutana na maboma: kuta za darasa au zahanati zilizofika kwenye linta kwa nguvu za wananchi, zikingoja bati. Mmoja kasomba mawe, mwingine mchanga, mwenye duka katoa saruji, mwalimu katoa fedha kutoka kwenye mshahara. Hivyo ndivyo Waha, wenyeji wa huku, wanavyotoa, na hakuna aliyewafundisha.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004 imeshavuka miaka 20. Kifungu chake cha 16 kinasema mfanyabiashara akichangia taasisi ya hisani inayotambuliwa, au mradi wa maendeleo ya jamii, mchango huo huondolewa kwenye mapato yake kabla ya kodi kukokotolewa, ilimradi usizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Kampuni yenye faida ya shilingi milioni 100 ikitoa milioni 2, kodi yake inapungua kwa laki 6. Mchango kwa Mfuko wa Elimu, ulioundwa kwa sheria ya 2001, haubanwi na ukomo huo.

Wazo la wengi kuchanga, na watoaji kupunguziwa kodi, ni la zamani. Mwaka 1914, mwanabenki Frederick Goff alianzisha mfuko wa jamii mjini Cleveland, Marekani: wengi wanachanga, kamati ya wenyeji inagawa. Mwaka 1917 Marekani ikawapunguzia kodi wanaotoa. Kenya ilipata Kenya Community Development Foundation mwaka 1997.

Kwetu, misamaha ya kodi ilizua mvutano mkubwa Juni 2009. Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, alisoma bajeti iliyopendekeza kufuta misamaha ya taasisi za dini na asasi zisizo za kiserikali. Viongozi wa dini wakaja juu. Aliyeishi Kasulu hakuhitaji kuelezwa kwa nini: Hospitali ya Kabanga ni ya Kanisa Katoliki, na kwa miaka mingi wajawazito na watoto wa wilaya hii wamepelekwa huko. Kitanda, dawa, mashine, vyote vingepanda bei, na mgonjwa ndiye angelipa. Serikali ikarudi nyuma, misamaha ikabaki.

Lakini ushindi ule ulikuwa wa taasisi. Mtoaji mwenyewe hakuzungumziwa, na hadi leo hazungumziwi. Kifungu cha 16 kinagusa mapato ya biashara tu. Mwalimu anayekatwa kodi kwenye mshahara hapati kitu. Mwenye duka wa Kibondo anayelipa kodi ya makadirio hutozwa kwa mauzo, hivyo saruji aliyotoa haina pa kuandikwa. Mkulima aliyesomba mawe ndiyo kabisa.

Tangu Warundi walipokimbilia huku mwaka 1993, na kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kwa Wakongo mwaka 1996, fedha za wahisani wa mbali zimepita Kasulu na Kibondo, na wengi wao kwao hupunguziwa kodi. Ni haki yao. Kinachouma ni kwamba anayejenga darasa la mwanawe hapati hata stakabadhi.

Wilaya hizi zinastahili mfuko wao wa jamii, wenye wadhamini waliosajiliwa na hesabu zinazosomwa mkutanoni. Tuanze na daftari la boma moja: nani kaleta nini, na ya shilingi ngapi. Sheria haiwezi kulihesabu tofali ambalo sisi wenyewe hatujaliandika.