Ukibeba Hiki, Acha Kile

Siku niliyohama Mwanza kwenda Dar es Salaam, konda wa basi aliitazama mizigo yangu akasema, "Kaka, kimoja kinabaki." Nilikuwa na begi la nguo, ndoo ya vyombo na boksi la vitabu. Boksi likarudi kwa mama. Njiani, nimeikumbatia ndoo, nikawa nawaza gemu. Usicheke. Gemu ndizo zilizonifundisha kwamba mzigo una mwisho, na kwamba hadithi hunoga pale unapoambiwa uache kitu.

Tuanzie mbali kidogo. Katikati ya miaka ya 1970, Mmarekani Will Crowther alikuwa mtaalamu wa kompyuta na mpenzi wa kuchunguza mapango. Yeye na mkewe walikuwa wameshiriki kuchora ramani za mapango ya Kentucky. Ndoa ikavunjika. Akaandika gemu ya maneno matupu, bila picha hata moja, kuhusu pango lile, ili binti zake wacheze. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford akaipanua. Ndiyo hiyo Adventure.

Humo unaandika neno moja tu, kompyuta inakutajia ulivyobeba. Katika toleo la Woods huwezi kuzidisha vitu 7. Na kuna ndege anayeogopa fimbo uliyoshika: ukitaka kumkamata, sharti uiweke chini kwanza. Yaani kile ulichookota kwa furaha ndicho kinachokunyima kingine.

Mwaka 1980 Warren Robinett akaileta Adventure nyingine kwenye Atari, safari hii yenye picha. Hapo unabeba kitu kimoja tu. Ukishika ufunguo, huna upanga, na dragoni yupo mlangoni. Halafu anapita popo, anakunyang'anya hata hicho kimoja.

Baada ya hapo njia zikaachana. Gemu za mafumbo zikaamua kuwa mfuko hauna mwisho. Katika The Secret of Monkey Island ya 1990, Guybrush anasokomeza kila kitu ndani ya nguo zake na hakuna anayemuuliza. Hapo swali si ubebe nini, ila ukitumie wapi. Ni mfuko wa kichekesho, kama wa sungura kwenye hadithi za bibi.

Diablo ya 1996 ikachukua njia ya pili: begi lina viraba 40. Pete inachukua kimoja, vazi zito la vita linachukua 6. Tamaa yako imepewa vipimo. Unasimama katikati ya mizoga, unapanga na kupangua kama mama anayefunga kontena, kisha unarudi mjini kuuza. Wengi wetu tulicheza gemu ya kuua mashetani tukaishia kuwa wachuuzi.

Mwaka huohuo ikatoka Resident Evil, na hapo begi likawa woga wenyewe. Tuliicheza kwenye kibanda cha gemu, tunalipia kwa muda. Chris ana nafasi 6, Jill ana 8. Sisi, kwa ujinga wa kitoto, tulimchagua Chris kwa sababu ni mwanaume, tukateseka ipasavyo. Bastola nafasi moja, risasi nafasi moja, dawa nafasi moja. Hata utepe wa wino wa kuhifadhi mchezo unakula nafasi. Ukifika kwenye ufunguo umejaa, na huwezi kutupa kitu chini. Unarudi korido ileile yenye maiti wanaotembea hadi kwenye sanduku la kuhifadhia. Hofu yetu haikuwa zombi. Ilikuwa ile safari ya kurudi.

Minecraft inakupa nafasi 36, na nyingi za bidhaa zinarundikana hadi 64. Ukarimu mkubwa, lakini ukifa vyote vinamwagika pale ulipoangukia, na una kama dakika 5 za kuvifuata kabla havijapotea. Death Stranding ya 2019 ikaenda mbali zaidi: mzigo unaonekana mgongoni, unakuyumbisha, na ukiupanga vibaya unaanguka nao mtoni.

Wapo wanaosema kupanga begi ni kupoteza muda, tupelekeni kwenye hadithi. Mimi naona hadithi iko hapohapo. Mhusika anaweza kujisifu kurasa nzima. Mpe begi dogo, utamjua.

Kwenye Resident Evil, ukiweka kitu katika sanduku moja, unakikuta kwenye sanduku la chumba kingine. Muujiza huo ndio nilioutegemea bila kujua. Nilirudi Mwanza baada ya miaka 3. Boksi lilikuwa palepale, chini ya kitanda. Mchwa walikuwa wameshaanzia chini, wakaniachia vitabu vinne vya juu.

Ndoo, kwa taarifa yako, ilipasuka mwezi wa pili.