Pumzi Si Mapumziko

Kwenye Kiswahili, pumzi na mapumziko ni watoto wa tumbo moja. Kwa mtu mwenye afya, sawa kabisa: anapumua hata usingizini bila kujua. Lakini muulize aliyetoka wodini baada ya nimonia kali, au aliyewekewa mashine wakati wa Korona. Atakwambia kupumua ni kazi, tena ya kutoa jasho. Cha kushangaza, hata hospitali zilichelewa kulielewa hilo.

Historia hii huwa tunaisimulia kwa mashine. Mwaka 1928, kule Boston, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw walitengeneza pafu la chuma: pipa kubwa lililolazwa, mwili wa mgonjwa ndani, kichwa nje. Hewa ikipunguzwa ndani ya pipa, kifua kinatanuka na pumzi inaingia. Wagonjwa wengi wa polio waliponea humo.

Mwaka 1952 polio ikaikumba Copenhagen. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu. Daktari Bjørn Ibsen akashauri watoboe koo la hewa, wapitishe mrija, kisha wasukume hewa kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko ya mpira. Wodi za wagonjwa mahututi tunazozijua leo zimetokana na mikono ile, na baadaye mashine zikaichukua kazi yake.

Lakini hebu tumtazame mtu mmoja aliyeugua mwaka huohuo huko Texas. Paul Alexander alikuwa na miaka sita polio ilipompooza kuanzia shingoni kushuka chini, akaingizwa kwenye pafu la chuma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwahidi mbwa iwapo ataweza kupumua nje ya pipa kwa dakika tatu. Alimfundisha "kupumua kama chura": ulimi na koo vinameza hewa na kuisukuma mapafuni, funda baada ya funda. Ilimchukua karibu mwaka, lakini mbwa akampata. Dakika zikawa saa. Akasoma chuo kikuu, akawa wakili, akaandika kitabu kwa kubonyeza vitufe kwa kijiti alichokishika mdomoni. Akakiita Three Minutes for a Dog, "Dakika Tatu kwa Ajili ya Mbwa". Jina hilo kuu halitaji pipa wala polio. Linataja zoezi.

Sayansi ilifika polepole. Mwaka 1976, David Leith na Mark Bradley walichapisha matokeo ya watu wenye afya waliofanyishwa mazoezi ya kupumua kwa wiki tano. Waliofanya mazoezi ya nguvu, misuli yao ya kupumulia iliimarika kwa takriban asilimia 55. Kumbe misuli hii ni kama ya mkono wa mkulima: ukiitumikisha, inakomaa.

Na ukiilaza je? Jibu lilikuja mwaka 2008. Watafiti Marekani walichunguza kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kutoka kwa watu ambao ubongo ulikuwa umekufa na walikuwa wamepumuliwa na mashine kwa saa 18 hadi 69. Nyuzi za msuli zilikuwa zimesinyaa kwa zaidi ya nusu, ukilinganisha na za watu waliokaa kwenye mashine saa chache tu. Siku tatu hazijatimia! Mashine inayookoa maisha ndiyo hiyohiyo inayomlegeza msuli.

Ndiyo maana siku hizi, kwenye baadhi ya hospitali, mgonjwa aliyeanza kupata nafuu hupewa kifaa kidogo cha mdomoni chenye springi. Anavuta pumzi akishindana nayo, mara chache, anapumzika, anarudia. Uzito unaongezwa kidogo kidogo. Si kila mgonjwa anafaa, na mtaalamu ndiye anayepima. Wala si muujiza: ni mazoezi.

Mwaka 2020 tulihesabu mashine, nchi hii ina ngapi, ile ina ngapi. Ilikuwa lazima. Ila hatukuhesabu waliorudi nyumbani, wakapanda ngazi tatu, wakasimama kuhema, na jamaa wakawaambia, "Si umeshapona wewe? Acha uvivu." Yule si mvivu. Yuko kazini.