Rais wa Maisha na Waliomtetea

Sisi tuliokulia Mwanza twajua ya kuwa maji ya ziwa letu hutokea Jinja, nchini Uganda, yakawa Mto Naili. Kwa hivyo yaliyotendwa huko zamani za Idi Amin hayakuwa mbali nasi. Septemba 1972 yalitufikia kwa ndege, zikaangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Nilikuwa mtoto wa chuoni. Mwalimu alitukimbiza, tukalala kifudifudi chini ya mwembe.

Jioni ile, barazani, mzee mmoja alisema: “Msimlaumu Amin. Ni Muislamu mwenzetu, naye amechokozwa.” Neno lake lilikuwa na asili, kwani siku chache nyuma wafuasi wa Obote walikuwa wameivamia Uganda wakitokea huku kwetu. Mwalimu akamjibu: “Na watoto hawa waliolala chini ya mwembe, wao walimchokoza nani?” Mzee akanyamaza.

Tusimcheke mzee yule, maana walikuwa wengi mfano wake. Amin alipotwaa nchi tarehe 25 Januari 1971, watu wa Kampala walijaa njiani kwa furaha. Alisema kuwa yeye ni askari tu, na kwamba atawarudishia raia utawala baada ya uchaguzi. Uchaguzi haukuja. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke, watu wakapiga makofi. Na miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Waislamu wengi. Mwaka 1974 Uganda ikaingia katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu, na hapo wapenzi wake wakazidi kusema: dini imepata mlinzi.

Walakini dhulma haiulizi mtu dini yake. Shaban Nkutu, waziri wa zamani na Muislamu, aliuawa Januari 1973. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Kati ya vifo hivyo viwili, tarehe 25 Juni 1976, Amin alitangazwa kuwa Rais wa Maisha.

Wa maisha! Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia Kagera, yakaua na kupora. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Basi ule urais wa maisha haukutimiza hata miaka mitatu. Mwenyewe alikimbilia ugenini, akafia Jeddah mwaka 2003.

Yeye aliokoka, je, waliobaki? Huko Ankole, mwaka ule ule wa 1979, Waislamu wasio na hatia waliuawa kwa kulipizwa kisasi cha mambo ambayo hawakuyatenda. Damu yao ni juu ya waliowaua. Lakini sisi tuliokuwa tukisema “huyu ni wetu” tulisaidia kuutia ulimwengu dhana kwamba dhulma ya mtu mmoja ni ya umma mzima.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kumnusuru ndugu yetu, awe mdhulumiwa au dhalimu, na alipoulizwa vipi anusuriwe dhalimu, akaeleza kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Sayyidna Abubakar, siku ya kushika ukhalifa, aliwataka watu wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipotoka. Hakutaka wapiga makofi.

Mambo haya hayakuisha na Amin. Katika zama za Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, ufukoni mwa ziwa hili hili, walikuwapo waliotaka muda wake uongezwe kupita vipindi viwili vya katiba. Mwenyewe alisema hatazidisha. Machi 2021 ajali yake ikamfika, hata kipindi cha pili hakijafika mwaka.

Basi, ndugu yangu, ukimpenda kiongozi, mwombee dua na umwambie kweli. Usimtakie milele, kwani milele si yake wala si yako kuitoa. Na mtoto wako akikuuliza barazani kwa nini unamtetea fulani, usimjibu kwa jina la dini yake wala kabila lake. Mjibu kwa alilolitenda. Na ukikosa la kumjibu, nyamaza kama mzee yule.